Seva ya Chappaqua: barua za waziri zilipoangukia kwenye taka

Novemba 2010 Hillary Clinton, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliyetumia kwa kazi seva binafsi ya barua pepe (kompyuta ya kupokea na kutuma barua) iliyokuwa nyumbani kwake Chappaqua, alikutwa na jambo ambalo kila aliyejiwekea seva yake ya barua pepe hukutana nalo mapema: alikuwa akituma ujumbe na ujumbe haufiki. Waliokuwa hawaupati ni watumishi wa wizara yake mwenyewe. Msaidizi wake, Huma Abedin, akamwandikia kwamba wazungumze, ama apewe anwani ya wizara, ama anwani yake ijulishwe wizarani ili barua zake ziache kuingia kwenye barua taka. Bi. Clinton akajibu kwamba anwani au kifaa cha pembeni hakina neno, ila hataki mambo yake binafsi yaje kufikiwa na wengine.

Kisa cha seva hiyo kilipigiwa kelele sana kisiasa, hasa wakati wa uchaguzi wa 2016, na siasa hiyo naiacha ilipo. Kinachonivuta ni karatasi zilizobaki nyuma yake. Mkaguzi Mkuu wa wizara alitoa ripoti yake Mei 2016, FBI wakatoa muhtasari wa uchunguzi wao Septemba mwaka huohuo. Ukizisoma pamoja unapata kitu ambacho hakuna ofisi inayokitoa kwa hiari: maisha mazima ya seva ndogo ya barua pepe, tangu ilipowashwa hadi yaliyomo yalipofutwa, yakiwa yamepekuliwa na wapelelezi. Kwa anayetaka kujifunza kazi hii ningependa aanze na kisa hiki kabla hajagusa Postfix, programu ya kutuma na kupokea barua, wala Dovecot, inayowafungulia watumiaji masanduku yao. Maelekezo ya kusakinisha yamejaa kila mahali, na mwenye bidii huyamaliza kabla jua halijazama. Kazi yenyewe inaanza kesho yake, na hiyo maelekezo hayaigusi.

Mashine za kampeni

Kikoa, yaani jina la mtandaoni, cha clintonemail.com kilisajiliwa 13 Januari 2009, siku chache kabla Bi. Clinton hajashika wizara. Nyumbani kwao Chappaqua, jimbo la New York, tayari palikuwa na seva ya Apple iliyohudumia ofisi ya mumewe, Rais mstaafu Bill Clinton, ikiangaliwa na msaidizi wake Justin Cooper. Seva hiyo ilishachoka, na barua zilikuwa zinasumbua kufika kwenye simu za BlackBerry. Akatafutwa Bryan Pagliano, aliyekuwa fundi wa kompyuta kwenye kampeni ya urais ya 2008. Akatumia vifaa vilivyobaki vya kampeni: Dell PowerEdge 2900 ikaendesha Microsoft Exchange, programu ya barua pepe, PowerEdge 1950 ikabeba programu ya BlackBerry. Machi 2009 zikawa kazini.

Hapo sioni la kucheka. Kwa wakati ule Exchange juu ya Dell lilikuwa chaguo la heshima, na kutumia mashine zilizokwisha kulipiwa ni jambo ambalo wengi wetu tungelifanya bila kufikiri mara mbili. Kasoro iko kwenye mgawanyo wa kazi. Cooper ndiye aliyekuwa karibu na watumiaji, na mwaka 2016 aliwaambia wabunge wa Marekani kwamba hakuwa mtaalamu wa usalama wa kompyuta. Pagliano, aliyeujua mtambo, aliajiriwa wizarani Mei 2009, na seva ya Chappaqua ikawa kazi yake ya pembeni. Mkurugenzi wa FBI, James Comey, alilisema wazi 5 Julai 2016: seva zile hazikuwa na watu wa usalama wa kudumu kama walivyo kwenye idara za serikali, au hata kwenye huduma ya kibiashara kama Gmail. Seva ilikuwa na watu wawili wa kuishughulikia ikiharibika, na haikuwa na hata mmoja ambaye kuiangalia ndiyo ajira yake. Karibu kila kilichofuata kinatokana na hilo.

Mfano wa kwanza ni cheti, faili inayoitambulisha seva na kuwezesha mawasiliano yake yafumbwe. Kampuni ya Venafi ilipochunguza mwaka 2015 ilikuta kwamba cheti cha kwanza cha usimbaji cha kikoa hicho kilichoonekana mtandaoni ni cha 29 Machi 2009, zaidi ya miezi miwili tangu kikoa kusajiliwa. Wakati ule cheti kilinunuliwa na kujazwa fomu, kwa hiyo kuchelewa kunaeleweka. Leo Let's Encrypt wanakitoa bure, kinadumu siku 90, na programu ya certbot inakihuisha yenyewe. Hata hivyo watu bado wanaumbuka: cheti kipya kinaingia kwenye diski, lakini Dovecot inaendelea kutumia cha zamani iliyokwisha kukisoma mpaka iambiwe isome upya. Asubuhi moja simu za ofisi nzima zinagoma kufungua barua, na fundi anaapa kwamba cheti ni kipya. Ni kipya kweli, kwenye diski.

Plasta ya Desemba

Turudi kwenye barua zilizopotea. Desemba 2010 mafundi wa wizara walihangaika kwa wiki kadhaa kuzifanya barua za waziri zipite. Nyaraka zilizotolewa mahakamani miaka baadaye zinaonyesha kwamba walifikia hatua ya kuzima kwa muda baadhi ya vichujio vya ulinzi vya programu ya Trend Micro kwenye seva za wizara, vichujio vilivyowekwa kuzuia barua za ulaghai na virusi. Mmoja wao aliandika kwamba hiyo ni plasta tu, na kwamba ana wasiwasi haitafanya kazi kikamilifu. Wizara nzima ililegeza mlango wake ili barua za mtu mmoja ziingie.

Kwa nini barua ya waziri itazamwe kama ya tapeli? Kwa sababu SMTP, kanuni ambayo seva hutumia kupelekeana barua, haina njia yake ya kujua nani anasema kweli. Ni sawa na bahasha ya posta: nyuma yake mtu yeyote anaweza kuandika jina la yeyote, na karani ataipokea. Seva inayopokea haina budi kutafuta ushahidi mahali pengine, na kila ushahidi unaokosekana unaongeza shaka.

Ushahidi wa kwanza ni jina la nyuma, yaani rekodi ya PTR. Tuseme seva yako inajiita mail.example.com na iko kwenye anwani ya IP, yaani namba yake ya mtandaoni, 203.0.113.25. Anayepokea huiuliza DNS, daftari la majina ya intaneti, kinyumenyume: anwani hii ni ya nani? Jibu lisiporudi mail.example.com, umeanza vibaya. Unajipima kwa amri moja, dig -x 203.0.113.25 +short. Wanaojifunza hukwama hapa kwa sababu rekodi hiyo haiwekwi kule uliposajili kikoa. Inawekwa na mwenye anwani ya IP, yaani anayekukodisha VPS (seva ya kukodi) au anayekupa intaneti. Ndiyo maana seva ya barua pepe kwenye intaneti ya simu haiendi popote. Anwani unashirikiana na wateja wengine na inabadilika, na jina lake la nyuma, kama lipo, si lako. Hata kwenye VPS, watoa huduma wengi wanaifunga poti ya 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, kwa barua zinazotoka mpaka uombe ifunguliwe, na wengine hawaifungui kabisa. Uliza kabla hujalipa.

Unaofuata ni SPF, iliyochapishwa kama RFC 4408, moja ya hati za kanuni za intaneti, mwaka 2006. Ni mstari kwenye DNS unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa chako, kwa mfano v=spf1 ip4:203.0.113.25 -all. Mstari uwe mmoja. Ofisi zinazotuma pia matangazo kupitia kampuni nyingine huongeza mstari wa pili, na hapo SPF yote inahesabika imeharibika. Kisha DKIM, ya 2007, ambayo hutia sahihi ya kihesabu juu ya barua yenyewe. Ufunguo wa siri unabaki kwenye seva, wa hadharani unakaa kwenye DNS. Faida yake ni kwamba sahihi husafiri na barua. Mtu akiielekeza barua yako kwenye akaunti yake nyingine, SPF huanguka kwa sababu seva iliyoifikisha si yako, lakini DKIM husimama kama barua haikuguswa. DMARC ilitangazwa 2012, na kazi yake ni kumwambia anayepokea afanye nini viwili hivyo vikishindwa kulingana na kikoa kinachoonekana kwa msomaji, na amtumie nani taarifa. Anza na p=none, soma taarifa zinazokuja, ndipo ukaze. Wanaorukia p=reject siku ya kwanza hugundua kwamba mashine ya risiti ya mhasibu ilikuwa inatuma barua kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa anaikumbuka.

Enzi za Bi. Clinton vitu hivi vilikuwa vinapendekezwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanavidai. Kila anayetuma kwa Gmail awe na SPF au DKIM, jina la mbele na la nyuma vilingane, na barua isafiri kwa TLS, yaani ikiwa imefumbwa njiani. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3.

Lakini kinachoudhi kuliko vyote ni namna barua inavyopotea. Ikikataliwa, unaambiwa. Logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya seva, ya /var/log/mail.log itakuonyesha namba: zinazoanza na 4 maana yake jaribu tena baadaye, zinazoanza na 5 maana yake imekataliwa moja kwa moja, na mara nyingi pana sentensi ya sababu. Barua iliyotupwa kwenye folda ya taka haina kelele hizo. Seva ya pili imejibu 250, imepokea. Logi yako imeandika kwamba imetumwa. Mpokeaji hajaiona na hajui kwamba kuna kitu cha kutafuta. Waziri aliyeandika na kunyamaziwa yuko kwenye hali hiyo. Huwezi kuitibu ukiwa upande wako peke yako, unahitaji mtu upande wa pili akusomee vichwa vya barua ile, sehemu ya Authentication-Results, aone ni kipi kilichopita na kipi kilichoanguka. Bi. Clinton alikuwa na bahati kwamba upande wa pili walikuwa watumishi wake. Ninyi wengine mtalazimika kuomba.

Mlango uliobaki wazi

Wiki chache baada ya ile plasta, 9 Januari 2011, Cooper aliiarifu ofisi ya waziri kwamba ameizima seva kwa sababu anaamini kuna mtu anajaribu kuidukua. Mdukuzi hakufanikiwa kuingia, lakini Cooper hakutaka kumpa nafasi. Baadaye siku hiyohiyo akaandika tena kwamba wameshambuliwa upya, ameizima kwa dakika chache.

Inachekesha kidogo, na inasikitisha. Kuzima seva kunamzuia mshambuliaji kwa dakika zile tu, na kunamzuia mwenye seva pia. Atakayesakinisha Postfix leo ataona logi imejaa majaribio ya nywila kabla hata hajamaliza kufungua akaunti ya kwanza. Si kwamba kuna anayemjua. Ni roboti zinazozunguka intaneti yote zikibahatisha. Fail2ban husoma logi na kuifungia anwani inayokosea mara kwa mara, nayo husaidia. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza vitu vya kugongwa: 25 kwa seva nyingine, 587 au 465 kwa watumiaji wanaotuma, 993 kwa wanaosoma, na basi. Nywila isikubaliwe kabisa kwenye 25. Na seva isikubali kupeleka barua za watu wasio wako kwenda kwa watu wasio wako. Kwenye Postfix hilo linashikiliwa na reject_unauth_destination au defer_unauth_destination, na mojawapo lipo tangu mwanzo mpaka mtu alitoe akijaribu kutatua jambo jingine.

Chappaqua palikuwa na zaidi ya hayo. Shirika la habari la AP liliripoti Oktoba 2015, kwa kutumia takwimu za ukaguzi wa intaneti wa mwaka 2012, kwamba seva ilikuwa inajibu moja kwa moja kutoka mtandaoni kwenye huduma za kuiendesha kwa mbali, ile ya Microsoft na VNC. Ninaelewa ilifikaje huko. Msimamizi yuko Washington, mashine iko New York, na tatizo linatokea usiku. Dawa yake ni kuziweka huduma hizo nyuma ya VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, au kwenye Linux kutumia SSH, njia iliyofumbwa ya kuingia kwa mbali, yenye ufunguo bila nywila. Hiyo ni kazi ya saa moja, ambayo mtu wa pembeni huwa anaipangia wikiendi ijayo.

FBI walipochunguza walikuta tukio moja walilolithibitisha la akaunti kuingiliwa kwenye seva hiyo: 5 Januari 2013, kupitia mtandao wa Tor, unaoficha anayeingia anatoka wapi, mtu alifungua akaunti ya mtumishi mmoja wa Bill Clinton na kupekua folda zake. Haikuwa akaunti ya waziri, wala mlango uliovunjwa haukuwa ile huduma ya mbali. Ilikuwa nywila halali ya mtumiaji wa kawaida mikononi mwa asiye wake. Kwenye seva ndogo hivyo ndivyo inavyokuwa karibu kila mara, na kwa kawaida mwizi hapekui. Anatuma barua taka kwa maelfu, na jina la kikoa lililojengwa kwa miezi linaingia kwenye orodha za kuzuiwa kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo ukifika asubuhi endesha postqueue -p, inayoonyesha barua zinazongoja kutoka, kabla ya jambo lolote. Foleni iliyozoea barua tano ikiwa na elfu tatu, huhitaji kuambiwa.

Kimbunga na foleni

Mwishoni mwa Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipiga pwani ya mashariki ya Marekani, umeme ukakatika New York, na seva ya Chappaqua ikalala siku kadhaa. Mwaka uliotangulia, mwishoni mwa Agosti 2011, ofisa wa wizara alikuwa ameshapendekeza waziri apewe BlackBerry ya serikali kwa sababu yake ilikuwa haifanyi kazi, huenda kwa kuwa seva yake binafsi ilikuwa chini. Pendekezo halikufuatwa.

Hapa SMTP inastahili sifa. Seva yako ikizimika, barua zinazokuja hazipotei papo hapo. Seva inayotuma inaziweka kwenye foleni na kujaribu tena. Kanuni ya RFC 5321 inataka isikate tamaa kabla ya siku nne au tano, na Postfix kwa mpangilio wake wa kawaida hungoja siku tano. Mkazi wa Dar es Salaam ambaye umeme humkatikia bila kimbunga anaweza kulala. Kinachovunjika ni watumiaji: hawasomi, hawatumi, na kila mmoja anapiga simu. Anayetoa huduma kwa watu wanaoweza kumpigia simu saa nane usiku aweke seva yake kwenye kituo cha data, si chini ya meza.

Chappaqua walifikia uamuzi huo 2013. Kazi wakapewa kampuni ya Platte River Networks ya Denver, na mtambo ukahamia kituo cha data Secaucus, New Jersey.

Nakala, na kilichosahaulika

Mwanzoni nakala rudufu za seva zilikuwa kwenye diski ya nje ya Seagate iliyochomekwa palepale. Juni 2011 ikabadilishwa na hifadhi ya mtandao ya Cisco, nayo palepale. Nakala iliyo chumba kimoja na seva inakulinda dhidi ya diski kufa. Dhidi ya moto, mwizi au maji haikulindi.

Platte River walileta kifaa cha nakala cha kampuni ya Datto, na hapo kosa likawa la upande wa pili. Mteja alitaka nakala zibaki kwenye hifadhi yake binafsi, lakini kifaa kilikuwa kinazipeleka pia kwenye hifadhi ya Datto nje, na Platte River walikuja kuligundua Agosti 2015. Kwa miaka miwili barua zilikuwa mahali ambapo wenyewe hawakuwa na habari napo. Kujaribu kurejesha nakala kila baada ya muda hukuonyesha kama inafanya kazi; pia hukuonyesha inakokaa.

Desemba 2014, baada ya Bi. Clinton kukabidhi wizara barua 30,490, Platte River waliombwa muda wa kuhifadhi barua ufupishwe uwe siku 60. Mfanyakazi aliyepewa agizo hakulitekeleza. Alikuja kulikumbuka mwishoni mwa Machi 2015, akafuta hifadhi ya zamani na kuisafisha kwa programu ya BleachBit. Kati ya agizo na utekelezaji, mwanzoni mwa Machi hiyohiyo, kamati ya Bunge ilikuwa imeshataka barua zihifadhiwe. Agizo lililokuwa la kawaida Desemba, kwa kutekelezwa Machi likaja kuwa mambo ya FBI, kwa sababu tu lilikaa kichwani mwa mtu badala ya kukaa kwenye mtambo.

Kwenye Dovecot agizo la namna hiyo ni mstari mmoja, kama doveadm expunge -A mailbox Trash savedbefore 60d, unaoingia kwenye cron, ratiba ya seva ya kazi zinazojirudia, siku ileile makubaliano yanapoandikwa, pamoja na tarehe na jina la aliyeagiza. Na siku inapofika barua ya mwanasheria ikitaka kumbukumbu zitunzwe, mstari huo unazimwa kabla hujamjibu.